JE, MNYONGE HANA HAKI?
Somo katika Kesi za Jimbo la Alabama



Katika darsa yetu moja kijana alisimama akauliza suala ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni, ila hatukuwa na ujasiri wa kulitamka. Alisema: "Mashekhe zangu, mwatuhimiza tujue haki zetu. Lakini mtu akidhulumiwa na wakuu, akaenda mahkamani, hakimu si aajiriwa na wakuu hao hao? Wazee wetu si ndio waliosema mnyonge hana haki, na mwenye nguvu mpishe? Basi kuna faida gani?" Baraza likanyamaza. Jawabu alilopewa usiku ule lilikuwa fupi. Halikumtosheleza yeye, wala halikututosheleza sisi.

Leo twataka kumjibu, si kwa mawaidha matupu, bali kwa khabari za mahali pamoja ambapo wanyonge walidhulumiwa kwa sheria, wakadai kwa sheria, mara wakashinda na mara wakashindwa. Mahali penyewe ni jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kesi zake ziliandikwa na kuhifadhiwa, hata mtu aweza kuzifuata hatua kwa hatua. Ya pili, kesi ya mwisho tutakayoitaja yamhusu Muislamu.

Mpango wa mahkama zao

Marekani ni dola ya majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria, polisi wake na mahkama zake. Juu ya majimbo yote ipo Serikali ya Shirikisho, nayo pia ina mahkama zake, na iliyo juu ya zote ni Mahkama ya Juu iliyoko Washington, yenye majaji 9. Kwa hivyo mwenyeji wa Alabama ana milango miwili ya kubisha: mlango wa jimbo na mlango wa shirikisho. Jambo hili lishikwe vyema, kwani bila ya hilo yanayofuata hayatafahamika.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, utumwa ulipoondolewa, katiba ya Marekani ilitiwa nyongeza. Nyongeza ya 14, ya mwaka 1868, ilikataza jimbo lolote kumwondolea mtu uhai, uhuru au mali pasi na kufuata njia ya sheria, au kumnyima hifadhi ya sheria iliyo sawa kwa wote. Nyongeza ya 15, ya mwaka 1870, ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa alikuwa mtumwa.

Maneno hayo ni mazuri. Lakini mwaka 1901 Alabama ilijiandikia katiba mpya, na walioiandika hawakuficha kwamba nia yao ni kuuweka utawala mikononi mwa wazungu. Waliweka kodi ya kupiga kura, na masharti ya kusoma na ya mali. Mtu mweusi hakutajwa kwa rangi yake, ila yeye ndiye aliyefungiwa mlango. Haki ikabaki katika karatasi kwa zaidi ya miaka 60. Haikufutwa hata siku moja. Iliyokosekana ni nguvu ya kuidai.

Kesi ya kwanza: vijana wa Scottsboro

Tarehe 25 Machi 1931 vijana 9 weusi waliteremshwa kutoka gari la moshi la mizigo mahali paitwapo Paint Rock, wakatuhumiwa kuwanajisi wanawake wawili wa kizungu. Wa mwisho wao alikuwa mtoto asiyetimia miaka 14. Katika muda wa wiki mbili walikuwa wamekwisha pelekwa mahkamani katika mji wa Scottsboro, huku askari wenye bunduki wakiizuia kaumu iliyotaka kuwaua. Hakimu hakuwawekea wakili maalumu. Alisema tu kwamba mawakili wote wa mjini watawasaidia. Na jambo la watu wote si jambo la mtu yeyote. Siku ya kesi ilipofika hapakuwa na aliyejitayarisha. Vijana 8 wakahukumiwa kufa.

Rufaa ikapandishwa hadi Washington. Tarehe 7 Novemba 1932 Mahkama ya Juu ilizitangua hukumu zile, ikaamua kwamba kumhukumu mtu kifo bila ya kumpa wakili wa kweli, mwenye wasaa wa kujitayarisha, ni kumnyima njia ya sheria. Kesi zikarudi Alabama zikaanza upya. Mwaka 1933 mmoja wa wanawake wale wawili aliikana tuhuma yake mbele ya mahkama, na juu ya hayo vijana wakahukumiwa tena.

Ndipo wakili wao, Samuel Leibowitz, alipouliza suala jengine. Katika nchi ile watu 12 miongoni mwa raia hukaa mahkamani na wao ndio wasemao kama mshitakiwa ana hatia au hana. Nao huitwa juri. Leibowitz akauliza: mbona katika juri za hapa hajaonekana mtu mweusi tangu zamani? Wakuu wakajibu kwamba majina ya weusi yamo daftarini. Daftari likaletwa, ikaonekana kwamba majina yale yalichomekwa baadaye ili kuziba kosa. Daftari hilo lilipelekwa hadi Washington, majaji wakaliangalia kwa macho yao wenyewe, na tarehe 1 Aprili 1935 wakaamua kwamba kuwatenga weusi katika juri kwavunja katiba.

Hakuna hata mmoja katika wale 9 aliyeuawa na dola. Wanne walifutiwa mashitaka mwaka 1937. Waliobaki walikaa jela miaka mingi zaidi, na watatu wa mwisho hawakusafishwa majina yao ila mwaka 2013, na wote walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba walitendewa haki kamili. Twaweza kusema kwamba shingo zao ziliokoka, na kwamba waliokuja baada yao walikuta mlango umefunguliwa kidogo.

Kesi ya pili: mabasi ya Montgomery

Watu wengi wamesikia khabari za Rosa Parks, yule bibi aliyekataa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa tarehe 1 Disemba 1955. Watu weusi wa Montgomery wakayasusia mabasi siku 381, wakenda kazini kwa miguu na kwa magari ya kuchukuana. Wasiojulikana sana ni wale walioivunja sheria yenyewe mahkamani.

Wakili wao alikuwa Fred Gray, kijana wa miaka 25, mzaliwa wa Montgomery. Alikwenda kusoma sheria katika jimbo la Ohio, kwa kuwa chuo cha sheria cha jimbo lake hakikuwapokea weusi. Gray aliona kwamba kesi ya Bi Parks ikifuatwa katika mahkama za jimbo yaweza kuzungushwa miaka. Basi tarehe 1 Februari 1956, siku mbili baada ya nyumba ya Martin Luther King kutupiwa bomu, alifungua kesi nyengine katika mahkama ya shirikisho. Walioidai walikuwa wanawake: Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith. Colvin alikamatwa ndani ya basi tarehe 2 Machi 1955, miezi 9 kabla ya Bi Parks, naye alikuwa msichana wa miaka 15. Mwanamke wa tano alikuwa pamoja nao, lakini alitishwa akajitoa upesi; na wakuu wakamshitaki Gray mwenyewe, eti alimwakilisha mtu asiyemtuma.

Tuwafikiri hao wanne waliobaki. Hawakuwa na cheo wala mali. Majina yao yaliandikwa katika karatasi ya mahkama, kila mtu ayasome, katika mji ambao usiku wake nyumba zalipuliwa. Tarehe 5 Juni 1956 majaji wawili kati ya watatu waliwapa haki. Jimbo likakata rufaa, na tarehe 13 Novemba 1956 Mahkama ya Juu ikaithubutisha hukumu ile. Amri ilipofika Montgomery tarehe 20 Disemba, kesho yake weusi wakapanda mabasi na kukaa walipotaka.

Yasemwa na wengine kwamba ushindi ule uliletwa na ususiaji, na wengine kwamba uliletwa na kesi. Sisi twaona kwamba kimoja kisingesimama bila ya chenzake. Ususiaji uliwashika watu pamoja muda wote ambao mahkama yaendelea na mwendo wake wa pole; na kesi iliwapa watu kitu cha kungojea ambacho meya wa mji hawezi kukifuta.

Kesi ya tatu: daftari la wanachama

Mwaka huo huo wa 1956 wakuu wa Alabama walitafuta njia ya kukiangamiza chama kilichowatetea weusi, kiitwacho kwa kifupi NAACP. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, John Patterson, alikwenda mahkama ya jimbo akataka chama kipigwe marufuku, na tena kitoe daftari lenye majina na anwani za wanachama wake wote wa Alabama.

Ombi lile, kwa kulisikia tu, ni jepesi. Lakini kila mtu alijua maana yake. Mwalimu ambaye jina lake litaonekana atafukuzwa kazi, mkulima ataitiwa deni lake siku moja, na mwengine atapigwa. Chama kilikuwa tayari kutoa karatasi nyengine zote ila majina hayo. Mahkama ya jimbo ikakitoza faini ya dola 10,000, kisha ikaipandisha hadi dola 100,000. Chama hakikutoa hata jina moja.

Tarehe 30 Juni 1958 Mahkama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ikaamua kwamba uhuru wa watu kukusanyika katika chama hauna maana iwapo dola yaweza kuwalazimisha watajwe mmoja mmoja huku ikijulikana kwamba watadhuriwa. Hata hivyo jimbo halikutii kwa urahisi. Kesi ilikwenda na kurudi, ikafika Mahkama ya Juu mara nne, na chama hakikuruhusiwa kufanya kazi tena Alabama ila mwaka 1964. Ni miaka 8 kwa jambo ambalo hukumu yake ilikwisha tolewa katika mwaka wa pili.

Kesi ya nne: mji wa pembe 28

Tuskegee ni mji mdogo wenye chuo maarufu cha watu weusi. Walimu wa chuo kile walisoma, wakayatimiza masharti ya kupiga kura, hata idadi yao ikaanza kuwatisha wazungu waliotawala mji. Mwaka 1957 baraza la jimbo likatunga sheria ya kubadili mipaka ya mji. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukawa na umbo la pembe 28, na mpaka mpya ukapita nyuma ya nyumba hii na mbele ya nyumba ile, hata wapiga kura weusi kama 400 wakajikuta nje ya mji wasipohama hata hatua moja. Ndani walibaki 4 au 5. Mzungu hakutolewa hata mmoja.

Charles Gomillion, mwalimu wa chuo, akawa mdai, na Fred Gray akawa miongoni mwa mawakili. Mahkama ya kwanza ikaikataa kesi, ya pili pia, zikisema kwamba kupanga mipaka ni kazi ya baraza la jimbo. Wenyeji nao wakaacha kununua katika maduka ya wazungu wa mjini. Kesi ilipofika Washington, ushahidi mkubwa ulikuwa ramani yenyewe, kwani mpaka wa namna ile haukuwa na maana nyengine. Tarehe 14 Novemba 1960 majaji wote 9 wakaamua kwamba jimbo haliwezi kutumia ruhusa yake ya kupanga mipaka ili kumnyang'anya mtu kura yake kwa ajili ya rangi.

Kesi ya tano: Muislamu na imamu wake

Sasa twaja katika zama zetu. Domineque Ray alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya msichana wa miaka 15. Hatumtetei kwa kosa hilo, na msiba wa waliofiwa hatuusahau. Alisilimu akiwa jela. Siku ya kutekelezwa hukumu ilipopangwa, aliambiwa kwamba ndani ya chumba cha kufia ataruhusiwa kasisi wa Kikristo aliyeajiriwa na jela. Ray akaomba kasisi asiwepo, na badala yake awepo imamu. La kwanza alikubaliwa. La pili akakataliwa, kwa hoja kwamba wasioajiriwa na jela hawaingii chumbani.

Alikataliwa tarehe 23 Januari 2019, akafungua kesi tarehe 28. Mahkama ya rufaa ya shirikisho iliisimamisha hukumu ili jambo lake litazamwe. Lakini tarehe 7 Februari Mahkama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikaondoa kizuizi hicho kwa sababu kwamba amechelewa kudai. Siku yake ilikuwa imetangazwa tangu Novemba 2018. Jaji Elena Kagan, akiwasemea wale wanne, alipinga kwa nguvu. Alieleza kwamba Mkristo angepata kiongozi wa dini yake chumbani na Muislamu asipate, na kwamba mfungwa hakuwa na njia ya kuijua mapema kanuni ya jela. Usiku ule ule Ray aliuawa, na imamu wake akimtazama kutoka chumba cha pili, nyuma ya kioo.

Hukumu ile iliwaudhi watu wengi, hata wasio Waislamu. Alabama ikajibu kwa kuwatoa chumbani viongozi wa dini zote. Mfungwa mwengine, Mkristo, akashitaki, na mwezi wa Februari 2021 Mahkama ya Juu ikakataa kuiruhusu Alabama imuue bila ya kasisi wake kuwa naye. Basi kesi aliyoshindwa nayo Muislamu ilikuwa miongoni mwa sababu za Mkristo kupata alichonyimwa yeye.

Mazingatio

Twarudi kwa kijana wetu. Usemi kwamba mnyonge hana haki ni kweli kwa namna walivyoukusudia wazee: walikuwa wakieleza walichokiona, hawakuwa wakitoa fatwa kwamba ndivyo inavyopasa kuwa. Kesi hizi zatufunza mambo manne.

La kwanza, haki iliyoandikwa haijidai. Maneno ya 1868 yalikuwepo siku zote, lakini hayakufanya kazi Montgomery mpaka wanawake wanne walipotia majina yao.

La pili, hoja bila ya ushahidi ni malalamiko. Daftari la juri, ramani ya Tuskegee, tarehe ya kukamatwa, hivi ndivyo vilivyowashinda wakuu. Sisi huku mtu akidhulumiwa husimulia barazani kwa muda wa mwezi, lakini ukimwuliza ilikuwa siku gani, saa ngapi, nani alikuwepo, na iko wapi karatasi uliyopewa, hana la kusema.

La tatu, mdai habebi peke yake. Mmoja kati ya watano alijitoa kwa kutishwa, nasi hatumlaumu. Twajiuliza tu kama majirani zake walisimama naye. Mtu wetu akienda mahkamani, mara nyingi tulio karibu naye ndio wa kwanza kumwambia anajitafutia balaa.

La nne, kuna wakati wa subira na kuna wakati wa haraka. Hukumu yaweza kuchukua miaka 8, na hapo subira yatakiwa. Lakini kuidai haki kwataka upesi. Ray alifungua kesi siku 5 tu baada ya kukataliwa, na bado akaambiwa amechelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wala Alabama si mbali nasi kama tudhanivyo. Thurgood Marshall, mkuu wa mawakili wa NAACP waliosaidia katika kesi ya Montgomery, alikuwa London mapema mwaka 1960, katika mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, akiwashauri wajumbe wa Kiafrika, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi yetu. Na katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 22, yampa kila mtu ruhusa ya kwenda mahkamani haki yake ikivunjwa au ikitishiwa. Yamruhusu pia kumdaia mwengine asiyeweza kujidaia. Na yasema kwamba hakuna ada ya kufungulia kesi ya namna hiyo. Kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa afikishwe mahkamani kwa kawaida katika muda wa saa 24. Mama aliyechukuliwa mwanawe usiku na asijue alipopelekwa ana maneno hayo mkononi. Lakini yeye huenda hajui kwamba anayo, na sisi tujuao huenda twaogopa kwenda naye.

Basi jawabu letu kwa kijana ni hili: mahkama si mizani isiyokosea, na hakimu ni mwanadamu. Lakini dhulma isiyodaiwa huhesabiwa kuwa ada, na watoto wetu watazaliwa waikute imekuwa sheria.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kwa nini Fred Gray aliuacha mlango wa jimbo akaubisha mlango wa shirikisho?
2. Ikiwa chama chetu kitatakiwa kutoa majina ya wanachama wake, ni majina ya nani yatakayodhurika, na tutafanya nini?
3. Ray alishindwa. Je, yafaa kusema kwamba kesi yake haikuwa na faida?
4. Jirani yako akikamatwa usiku wa leo, ni mambo gani matatu utakayoyaandika kabla ya kulala?

Suala la nne kila mmoja alijibu kwa kalamu, na darsa ijayo tutasomeana majawabu.